Sarafu Ndani ya Bakuli: Kusoma Kitabu cha Albamu Moja ya Roki

Hotuba iliyotolewa mjini Mombasa mbele ya wasomaji na wapenzi wa muziki

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza jioni ya leo, asalaamu alaikum, na wengine nyote hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kitabu kimoja nilichokisoma kikanigusa. Nimechagua kitabu ambacho huenda hamkukitarajia katika ukumbi wa Mombasa, kwani kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kinaeleza jinsi albamu moja tu ya muziki wa roki ilivyotengenezwa na maana iliyobeba. Albamu yenyewe inaitwa The Dark Side of the Moon, yaani upande wa mwezi ulio gizani, na wenyewe ni kundi la Kiingereza la Pink Floyd. Ilitoka mwezi wa Machi 1973. Nakala zilizouzwa zinakadiriwa kupita milioni 45, na kati ya mwaka 1973 na 1988 ilikaa kwa jumla ya wiki 741 katika orodha ya albamu zinazouzwa sana nchini Marekani. Hesabu za mauzo naziacha hapo, kwa sababu nilichokuja kuzungumzia ni kazi ya mikono.

Ujana wangu niliumalizia katika duka dogo la kunakili kaseti karibu na Mwembe Tayari. Albamu hii niliisikia kwanza kutoka katika kaseti iliyonakiliwa, na ile iliyonakiliwa nayo ilikuwa nakala. Baharia mmoja aliiacha dukani itengenezwe kisha meli yake ikang'oa nanga. Nilipoiweka kwenye mashine, kitu cha kwanza kusikika kilikuwa mdundo mzito, wa chini kabisa, unaokuja na kurudi. Nikadhani mashine ina kasoro. Nikaifungua, nikafuta kichwa cha tepu kwa pamba na spiriti, nikairudisha kaseti, na mdundo ukawa pale pale. Miaka mingi baadaye, nikiwa na kitabu mkononi, ndipo nilipoelewa kwamba ule ni mpigo wa moyo, na kwamba hata moyo wenyewe si moyo: ni ngoma ya mguu ya Nick Mason iliyopigwa kwa upole, kwa kuwa mpigo wa moyo wa kweli waliujaribu wakaona unamtia msikilizaji wasiwasi kupita kiasi. Sauti niliyotaka kuisafisha itoke, watu wazima wanne walikuwa wameihangaikia iingie.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na mafumbo. Shairi la taarabu likiimbwa, mtu wa kwanza kuinuka kwenda kutuza ndiye anayetuonyesha limemlenga nani, na usiku wa pili, katika arusi nyingine, shairi lile lile huwa na mwenyewe mwingine. Kwa hiyo nilikifungua kitabu hiki nikitafuta fumbo. Wapo mashabiki wengi waliofanya hivyo kabla yangu, hata wengine wakashikilia kwamba albamu hii ilipangwa kulingana na filamu moja ya Marekani ya mwaka 1939, ukivicheza pamoja, jambo ambalo wanamuziki wenyewe wamelikanusha. Kitabu kilinionyesha kwamba nilikuwa natafuta pasipo na kitu. Roger Waters, mpiga gita la besi aliyeandika maneno ya nyimbo zote, alitaka kinyume cha fumbo. Maneno ya nyimbo zao za nyuma yalikuwa ya kuelea hewani. Safari hii alitaka maneno wazi, yatakayomfikia yeyote mwenye masikio, na wakayachapisha kwenye jalada, jambo ambalo kundi hilo halikuwahi kulifanya. Wote wanne, yaani Waters, Mason, David Gilmour wa gita na Richard Wright wa kinanda, walikutana nyumbani kwa Mason, eneo la Camden, London, wakazungumza juu ya mambo yanayomsonga binadamu hadi akili ikamruka: wakati unaopita, pesa, safari, hofu ya kufa, vita, na ile tabia ya kugawana kuwa sisi na wao. Waters alikuwa na lake moyoni katika hayo, kwani baba yake aliuawa vitani huko Anzio, Italia, mwaka 1944, naye akiwa mtoto mchanga.

Kuna jambo ambalo wanamuziki wa hapa watalitambua mara moja. Nyimbo zile hazikuzaliwa studioni. Zilianza kupigwa mbele ya watu tangu Januari 1972, zaidi ya mwaka mzima kabla ya santuri kutoka. Usiku wa tarehe 20 mwezi huo, katika mji wa Brighton, mitambo iliwaharibikia katikati ya onyesho wakalazimika kuiacha kazi haijesha. Waliendelea kuzipiga mji baada ya mji, wakipunguza hapa na kuongeza pale, na walipoingia katika studio za Abbey Road katikati ya mwaka 1972 walikuwa wameshazijua nyimbo zao kama mtu ajuavyo njia ya kwao usiku. Vivyo hivyo ndivyo nyimbo zetu zilivyokomaa: zilipitishwa arusini kwanza, zikaonjwa na watu, ndipo zikaingia kwenye kaseti.

Sasa niruhusuni niingie katika kurasa nilizozisoma mara tatu.

Wimbo wao wa pesa unaanza kwa mlio wa sarafu na wa mashine ya kupokelea fedha dukani. Msikilizaji wa kawaida huona kuwa mtu alirekodi duka, basi. Haikuwa hivyo. Mke wa Waters alikuwa mfinyanzi, na bakuli kubwa alilolitumia kwa kazi yake mumewe alilichukua, akazizungusha sarafu ndani yake huku akirekodi. Mason naye alitoboa matundu katika sarafu kuukuu za peni na kuzitunga uzini kama shanga, ili zikitikiswa zilie. Zikaongezwa sauti za karatasi inayochanwa na za mashine yenyewe, mpaka zikatimia sauti saba. Kila sauti ilikuwa kwenye utepe wake. Kila utepe ukapimwa kwa rula ili urefu uwe mmoja, ukakatwa kwa wembe, na vipande vyote saba vikaunganishwa kuwa duara moja lisilo na mwanzo wala mwisho. Duara hilo likavalishwa kwenye mashine, na upande wa pili likazungushiwa stendi ya maikrofoni ili lisilegee. Likazunguka. Huo ndio uliokuwa mdundo.

Mtu aliyepata kuushika utepe kwa vidole vyake ataelewa kwa nini nilikifunga kitabu hapo nikakaa kimya. Utepe wa kaseti una upana usiofika milimita 4, na hupita kwa mwendo usiofika sentimita 5 kwa sekunde. Kaseti ya mteja ilipomezwa na mashine na kukatika, niliilaza mezani chini ya taa, nikazikata ncha mbili kwa wembe kwa mshazari, nikaziunganisha kwa kipande cha selotepu chembamba kuliko ukucha, na pamoja na uangalifu wote huo palikuwa na mahali ambapo neno zima la mwimbaji lilipotea. Mama mmoja aliirudisha kaseti yake akaniambia kwa upole kuwa neno lililotoka ndilo alilokuwa akilipenda. Utepe wa studio hukimbia sentimita 38 kwa sekunde au zaidi, nao ni mpana zaidi, kwa hiyo fundi ana nafasi ya kukata. Lakini nafasi hiyo haimwondolei fundi kazi ya kusikiliza, kwani rula hupima urefu tu, na sikio ndilo linaloamua kama sarafu imelia pale inapostahili kulia.

Na mapigo ni saba. Huku kwetu mwili umezoea chakacha, ambayo hesabu yake ni sita, na mguu unajua wenyewe pa kukanyaga. Saba inachechemea. Unapodhani umefika nyumbani, umebakiza hatua moja, na kabla hujaimaliza duara limeanza upya. Gilmour anapoingia na gita lake kupiga peke yake, mapigo yanageuka kuwa manne, na msikilizaji hupumua kama aliyetoka kwenye msongamano wa feri ya Likoni akaikanyaga nchi kavu. Halafu saba inarudi. Mimi nasema, na hili ni langu wala halimo kitabuni, kwamba kuchechemea huko kunaeleza habari ya pesa kuliko maneno yenyewe yanayoimbwa.

Nataka vijana wanaosikiliza kwa simu walitazame jambo jingine. Santuri ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza wa albamu hii unakwisha kwa wimbo wa kifo, na upande wa pili unaanza kwa huo wimbo wa pesa. Katikati yake msikilizaji alilazimika kuinuka, kuiinua sindano, kuigeuza santuri kwa mikono yake na kuketi tena. Kimya kile, kati ya kifo na sarafu, kilikuwa sehemu ya albamu. Katika simu kimya hicho kimefutika.

Wimbo huo wa kifo ndio ulionifanya nikubali kuja kusimama hapa. Muziki wake ulitungwa na Wright kwenye piano. Ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa hauna kitu juu yake. Siku moja ya Jumapili mwezi wa Januari 1973 wakamwita mwimbaji aitwaye Clare Torry, msichana wa miaka 25 ambaye fundi mitambo wao, Alan Parsons, alikuwa amemsikia mahali pengine. Hawakumpa maneno. Wakamweleza kuwa wimbo ni wa kifo, aimbe. Alipoanza kwa vijineno vya kawaida vya nyimbo za mapenzi wakamwambia hapana, maneno hayatakiwi. Akawaza kuwa ajifanye ala, kama zeze au zumari, akafumbua kinywa. Alirudia mara chache tu, kisha akatoka akiamini kuwa amewaharibia na sauti yake haitatumika. Malipo yake yalikuwa pauni 30, tena mara mbili ya kawaida, kwa sababu ilikuwa Jumapili. Albamu ilipotoka aliiona dukani, akasoma jina lake kwenye jalada, ndipo akajua.

Tunayo mbolezi katika lugha yetu, wimbo wa msiba, na aliyewahi kuwa karibu na nyumba yenye msiba anajua kuwa kuna mahali maneno huishia na sauti ikaendelea yenyewe. Alichokifanya msichana yule ni hicho. Anaanza kwa kupinga, anapanda juu kama mtu anayeng'ang'ania mlango, kisha taratibu anashuka, mpaka mwishoni sauti inakuwa ndogo kama ya mgonjwa aliyekubali. Yote hayo hakuyatunga mwingine. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka 30 jina la mtunzi lilikuwa la Wright peke yake. Mwaka 2004 Torry akaenda mahakamani. Mwaka uliofuata wakaafikiana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake huandikwa kando ya la Wright kama mtunzi mwenza.

Niliposoma kurasa hizo nilimkumbuka mwanamke mmoja wa hapa mjini, ambaye sitamtaja. Nilikuwa mimi niliyemshikia maikrofoni katika arusi, ua umejaa, jenereta linanguruma nyuma ya ukuta. Waitikiaji walipokwisha kibwagizo aliendelea peke yake bila shairi, kwa sauti tu, kwa muda ambao mpaka leo nausikia. Alilipwa ujira wa usiku ule. Mfanyabiashara mmoja akaichukua rekodi, akaisambaza huku na kule Pwani, na kwa miezi kadhaa nilikaa nikinakili sauti ile kaseti baada ya kaseti, nikilipwa kwa idadi. Yeye hakupata shilingi ya pili. Alikuja dukani mara moja kununua nakala, na mimi nikampokea pesa yake. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kuwa halikuwa jambo la haki, nikanyamaza. Nayasema haya hadharani kwa sababu kitabu cha Waingereza kilinirudisha kwenye kiti kile cha dukani na kunitaka nitaje hesabu.

Kurasa zinazohusu ugomvi wa wanakundi miaka ya baadaye nilizipita haraka, na nadhani nanyi mtazipita. Ugomvi wa watu waliopata mali unafanana dunia nzima.

Lakini musiipite habari ya kadi. Kazi ilipokaribia kwisha, Waters aliandika maswali kwenye kadi, akawa anawaita waliokuwamo jengoni wayajibu mmoja mmoja mbele ya maikrofoni. Yalianza kwa wepesi, kisha yakawa mazito: lini ulimpiga mtu mara ya mwisho, na je, ulikuwa na haki? Unaogopa kufa? Paul McCartney, ambaye dunia nzima ilimjua kwa Beatles, alikuwa akirekodi humo humo, akaulizwa yeye pamoja na mkewe Linda. Majibu yao hayakutumika, kwa kuwa yalikuwa ya watu wanaojua kuwa wanasikilizwa. Miongoni mwa sauti zilizochukuliwa zikabaki hadi leo ni ya bawabu wa jengo, Muairishi aitwaye Gerry O'Driscoll. Yeye aliongea kama mtu anayeongea mlangoni. Juu ya kufa alisema haogopi, kila mtu ataondoka siku moja. Na mwisho kabisa wa albamu, muziki ukiwa umekwisha, ni yeye anayesema kwamba kwa hakika mwezi hauna upande wa giza, wote ni giza.

Fikirini, ndugu zangu, sisi ambao kila mwaka tunasimama ufukweni na juu ya dari tukiutafuta mwezi mwandamo. Bawabu yule alisema kweli ambayo wataalamu wa anga wanaijua: mwezi hauna nuru yake, unaazima ya jua. Na wimbo wa mwisho, uliotangulia maneno yake, unasema kuwa kila kitu chini ya jua kimepangika vyema, ila jua lenyewe limefunikwa na mwezi. Kiswahili chetu kinasema jua limepatwa. Nimelipenda neno hilo zaidi tangu niliposoma kitabu hiki, kwa sababu mtu naye hupatwa.

Aliyepatwa katika habari hii hakuwamo studioni. Syd Barrett ndiye aliyeliongoza kundi hilo mwanzoni, akiwaimbia na kuwaandikia nyimbo zao za kwanza. Akili yake ikaanza kumponyoka, na mwaka 1968 wakaachana naye. Alifariki mwaka 2006 baada ya kuishi kimya kwa miaka mingi huko Cambridge alikozaliwa. Neno moja la Kiingereza la kumwita mwendawazimu limetokana na jina la mwezi katika Kilatini, na huko ndiko liliko jina la albamu. Nilipolijua hilo niliirudia albamu yote, na nikasikia marafiki wanne wakizungumza juu ya mwenzao waliyemwacha njiani, wakijiuliza ni nini kilichowatenga naye, na kama kilikuwa kitu kikubwa sana. Kila mtaa wa mji huu una mtu kama huyo, na tunamjua kwa jina.

Sasa nina ombi, na nalitoa kwa wanaoandika. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na habari yake angalau imeandikwa. Hapa Mombasa tulikuwa na Juma Bhalo, aliyeimba mashairi ya Ahmad Nassir na akafariki mwaka 2014. Tulikuwa na Zein l'Abdin na udi wake, aliyetutoka mwaka 2016. Tuna kaseti za Maulidi Juma na za Zuhura Swaleh ambazo nimezinakili hadi nikazijua mikwaruzo yake. Sijakutana na kitabu kinachoichukua kaseti moja tu kati ya hizo na kuieleza yote: ilirekodiwa chumba gani, madirisha yalifungwa au yaliachwa wazi, maikrofoni zilikuwa ngapi na ipi ilielekezwa kwenye udi, nani alipiga dumbaki, waitikiaji walikuwa kina nani, shairi liliandikwa kwa ajili ya nani, na kila mmoja aliondoka na kiasi gani mfukoni. Baadhi ya watu wanaoyajua hayo wako hai, wanakaa Kibokoni, Majengo na Kisauni, na wengine hawasikii vizuri tena. Muwaendee na daftari. Msianze na mwimbaji, maana mwimbaji ameshaulizwa mara nyingi. Anzeni na aliyebeba spika.

Mwenyekiti amenikubalia dakika 43, nazo ndizo urefu wa albamu. Nimekuja na santuri, maana nataka mukione kile kimya cha kuigeuza. Jalada lake litapita mikononi mwenu: ni pembetatu ya kioo juu ya weusi, mwale mweupe unaingia kushoto na kutoka kulia ukiwa rangi. Hesabuni rangi hizo. Upinde wa mvua tunafundishwa kuwa una rangi saba, na hapa mchoraji ameweka sita. Likiwafikia nyuma, mtaona pembetatu ya pili imepinduliwa, rangi zinaingia na kuwa mwale mmoja tena, hivyo majalada yakipangwa kando kwa kando mwale haukatiki.

Naomba taa zipunguzwe na feni ile ya pembeni izimwe, kwa sababu mdundo wa mwanzo uko chini sana. Mtausikia kwa muda kabla hamjawa na hakika kuwa umeanza. Na muziki ukinyamaza mwishoni musiinuke bado, kwani bawabu hajasema.